Mwaka Elkana Alipoendesha Lori

Siku tuliyomzika mume wangu, nyumba yetu ya Mikindani ilijaa watu ambao nusu yao sikuwajua. Walikuja waliofanya kazi chini yake, wakaja wa kanisani, wakaja wakubwa wa kampuni waliovaa suti nyeusi katika joto la kaskazi, na kila aliyesimama kusema alimwita Meneja. Meneja alikuwa mtu wa haki. Meneja hakupaza sauti. Meneja alifika kazini kabla ya mlinzi kufungua lango. Wanangu walikaa mstari wa mbele wakiitikia kwa vichwa, maana huyo ndiye baba waliyemjua. Kisha, watu walipokuwa wakipakuliwa chakula, akaja mzee mmoja mrefu mwenye mkongojo, akamwuliza mwanangu mkubwa kama hapa ndipo penye matanga ya Elkana, dereva wa lori. Mwanangu akamjibu kwa adabu, "Mzee, nadhani umekosea nyumba. Baba hakuwa dereva." Mzee akasimama palepale ameshika kofia yake, akitazama turubai na viti na magari yaliyoegeshwa, kama mtu aliyeshushwa kituo kisichokuwa chake. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Sauti ile niliitambua kabla ya kuiona sura. Nikasema, "Hakukosea. Mpisheni Katana apite."

Wageni walipopungua wanangu wakanizunguka. Baba aliendesha lori lini? Nikawaambia, mwaka mmoja, kabla hamjazaliwa. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia, kwa sababu baba yao wao alikuwa mtu wa kuketi kiti cha nyuma akisoma gazeti huku dereva wa kampuni akimpeleka. Hawakuuliza zaidi, nami sikusema zaidi. Lakini tangu siku ile mwaka ule umenirudia, umekaa nami jikoni na kitandani, na nimeona afadhali niuandike kuliko kuuzungumza, kwa kuwa kuna mahali katika mazungumzo ningenyamaza, kama nilivyonyamaza wakati ule.

Ulikuwa mwaka uliofuata kwisha kwa vita vya pili vya dunia. Tulikuwa tumefunga ndoa karibuni, na tulipanga chumba Changamwe katika nyumba ya Bi Mwanaisha, mjane wa makamo aliyekuwa na vyumba sita na midomo, kama alivyosema mwenyewe, ya kuvitosha vyote. Ilikuwa nyumba ya udongo na makuti, yenye ukumbi wa kupita katikati na vyumba huku na huku, baraza mbele, na ua nyuma penye jiko la kila mtu na kisima cha maji ya chumvi. Chumba chetu kilikuwa cha pili mkono wa kushoto, na dirisha lake lilitazama barabara. Tulikuwa na kitanda, meza, viti viwili visivyofanana na sanduku la vitabu vya Elkana ambalo nililitandikia kitambaa nikaliwekea taa. Kuta hazikufika juu, ziliishia chini ya makuti, hivyo maneno yaliruka kutoka chumba hata chumba kama kuku. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, aliyekuwa chumba cha kwanza alimwambia pole.

Elkana alikuwa amerudi kutoka Afrika Kusini na digrii. Leo neno hilo halimshtui mtu. Wajukuu zangu wanazo, na mmoja anazo mbili na hana kazi. Wakati ule, kwetu Ribe hakukuwa na mwingine. Siku aliporudi kwaya ilimpokea barabarani, na wazee waliokuwa hawaliwezi hilo neno waliliita dirigirii, wakalitamka kwa heshima kama jina la ugonjwa mkubwa. Wanawake waliniuliza kama mtu mwenye dirigirii hula sima. Nami niliona fahari ambayo sijaipata tena maishani. Nilimpenda Elkana, sitakana, lakini naamini sasa kwamba niliolewa na lile neno pia, na kwamba mwaka ule wote nilikuwa na waume wawili chumbani, nikawa namtetea mmoja dhidi ya mwenzake.

Bi Mwanaisha alikuwa mtu wa kwanza kuuliza kwa uwazi. Tulikuwa uani tukichambua mbaazi. "Mwanangu," akasema, "hii dirigirii ni kitu gani? Kila mtu yuwaitaja na hakuna anambiaye." Nikamweleza kwamba mtu husoma miaka mingi, akatahiniwa, akapewa cheti na wakubwa wa chuo. Akafikiri. "Kumbe ni ijaza," akasema. "Basi mwenye ijaza hufundisha watu au huongoza watu. Alhamdulillahi. Utakaa vyema."

Nami nilijua ningekaa vyema. Kampuni moja ya Wazungu iliyokuwa na maghala na malori palepale Changamwe ilimtaka Elkana awe meneja msaidizi wa wafanyakazi. Hapakuwa na Mwafrika aliyewahi kupewa kazi hiyo hapo. Kazi ilikuja na nyumba: ya mawe, vyumba viwili, bati juu, jiko lake pekee na mfereji wa maji matamu uani. Nilikwenda kuiona ikiwa tupu. Nilisimama katika kile chumba cha mbele, nikafungua mfereji nikaufunga, nikaufungua tena. Sikuwa na kipimo, nikapima madirisha kwa kanga yangu ili nijue mapazia yatahitaji kitambaa kiasi gani, na mwanamke wa nyumba ya pili akachungulia akanisalimu kwa jina la mke wa bwana mkubwa. Nilirudi kwa Bi Mwanaisha nikitembea katikati ya njia.

Elkana aliingia kazini kwa majaribio ya wiki chache. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa langoni. Wanaume walikuja tangu alfajiri wakachuchumaa ukutani, wengine wametoka Rabai na Mariakani kwa miguu, wengine Wadigo wa Likoni, wengine wa bara, na yeye alitakiwa asimame mbele yao awanyoshee kidole wale watakaofanya kibarua siku hiyo. Waliobaki waliambiwa waende. Nilimwona akirudi jioni akiwa hana hamu ya chakula. Nilimpikia papa wa kukaanga, nikampikia wali wa nazi, nikampikia mihogo. Alikula kwa heshima tu. Nikadhani ni ugeni wa kazi.

Jioni moja alirudi amechangamka, akakaa kwenye kile kiti kibovu ambacho hakukipenda, akaniambia, "Damari, nimeacha ofisi."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Kuna lori ambalo dereva wake amerudi kwao Taita. Nimemwomba Mzungu anipe hilo."

Nikadhani ananifanyia mzaha. Yule Mzungu pia, kwa maelezo yake, alidhani hivyo. Alicheka, kisha akadhani Elkana anataka nyongeza, kisha akakasirika. Akamwambia kama anaweza kulirudisha nyuma lori lile kati ya kuta za maghala mawili bila kukwaruza, achukue. Elkana alikuwa amejifunza kuendesha huko Afrika Kusini, likizo za chuo, akimbebea mkulima mmoja machungwa. Akapanda, akalirudisha, akashuka.

"Na nyumba?" nikauliza.

"Nyumba ni ya meneja."

"Nimepima madirisha, Elkana."

Akalitazama dirisha letu. Kisha akasema, "Leo asubuhi kulikuwa na mzee mmoja pale langoni, umri wa baba yangu. Aliponiona nimemtazama akasimama haraka, akafuta magoti, akatabasamu. Alitabasamu ili nimpende. Siwezi kila siku ya maisha yangu nitazamwe hivyo."

"Asipokuwa wewe atakuwa mwingine. Na huyo mwingine huenda akawa mbaya."

"Najua," akasema. "Hilo nimelifikiri. Lakini sitakuwa mimi."

Chumba cha jirani mtu akaacha kukoroga chai ili asikie vizuri. Nikashusha sauti, nikamwuliza kama alisoma miaka yote ile ili abebe katani. Alinitazama, akasema kwa aibu kidogo, kama mtoto anayetaja kitu anachokitamani dukani, "Pia napenda barabara." Nimeyafikiri maneno hayo miaka mingi. Sababu ya kwanza ilikuwa ya haki, na mtu akikupa sababu ya haki unaweza kumwona shujaa hata kama amekukosesha mfereji. Ile ya pili ndiyo sikuimeza. Kwamba mtu mzima, mwenye mke, mwenye jina, anaweza kuchagua kitu kwa sababu kinamfurahisha. Sikuwa nimefundishwa hivyo, si nyumbani wala kanisani.

Basi akaanza safari. Alipeleka sukari, mafuta ya taa na nguo kwenye maduka ya Voi na Taveta, akarudi na marobota ya katani. Alisafiri pamoja na Katana, dereva Mgiriama aliyetoka jeshini, mrefu, mwenye sauti kama ngoma. Kila mmoja na lori lake, wakifuatana ili mmoja akikwama mwenzake amvute. Waliondoka asubuhi, na lori la Katana lilipita mbele ya dirisha letu likipunguza mwendo kumngoja. Siku za kurudi nilijua kabla hajafika. Elkana alikuwa akiimba. Aliegesha lori kwenye yadi ya kampuni, akaja kwa miguu kupitia kijia cha nyuma ya msikiti mdogo, akiimba nyimbo za kanisa kwa mwendo wa ngoma ambao mchungaji asingeukubali. Aliingia na vumbi jekundu kichwani hadi nyusi zimekuwa za mtu mwingine, na mkononi ana kitu: mkungu wa ndizi za Taveta, kibuyu cha asali, mara moja kobe ambaye Bi Mwanaisha alimkataa nyumbani mwake kabisa.

Na alikula. Mtu yule aliyekuwa akigusagusa wali, sasa alikula sima kwa mchicha na papa mpaka nikamwongezea sahani yangu, akisimulia chakula kikiwa mdomoni. Twiga aliyesimama katikati ya barabara karibu na Voi akakataa kupisha, Katana akashuka akamsalimu kwa Kigiriama. Mwenye duka wa Taveta aliyewakaribisha chai kisha akamwomba Elkana amsomeshe mwanawe hesabu. Nyika ya Taru, jinsi inavyokuwa kijivu siku zote, kisha mvua moja ikaigeuza kijani ndani ya siku mbili. Na Kilimanjaro. Alijaribu kunieleza namna mlima ule unavyotokea alfajiri, kwamba kwanza hakuna kitu, mawingu tu, kisha unatambua kuwa kile ulichokidhani ni wingu hakisogei. Alishika kijiko hewani akinionyesha ulivyo juu. Mimi nilikuwa nikitazama madoa ya udongo mwekundu kwenye shuka.

Nilisikia yaliyosemwa. Katika nyumba ile huwezi kutosikia. Wanawake waliokuja kuteka maji walizungumza mimi nikiwa chumbani kana kwamba nipo Malindi. "Dirigirii imepanda lori." "Amefukuzwa, basi tu hawasemi." "Huko alikosoma alisomea usukani." Shangazi yangu Persis akaja kutoka Ribe, akakaa kwenye kitanda kwa sababu viti hakuviamini, akavua viatu, akanywa chai yangu yote, kisha akasema, "Mwanangu, alipokwenda kusoma sisi hatukulia kwa sababu ameondoka. Tulilia kwa furaha kwamba angerudi mtu wa kutusemea mbele ya wakubwa. Sasa watoto shuleni wakiambiwa wasome, wanamtaja yeye." Elkana alikuwa mlangoni, amefika punde. Akasema, "Shikamoo, Shangazi." Shangazi akajibu marahaba bila kugeuza shingo. Elkana akatoka akaenda kukaa barazani na Katana, na baada ya muda kidogo niliwasikia wanacheka, wale wawili, juu ya gurudumu lililowaponyoka kwenye mteremko likawatangulia mpaka madukani. Shangazi akanitazama. "Anacheka," akasema, kana kwamba ni hilo lililokuwa kosa.

Bi Mwanaisha ndiye aliyebadilika. Mwanzoni alisema mwenye ijaza hapakii katani. Lakini siku moja, Shangazi akiwa ameshaondoka, alinikuta nimenuna jikoni, akachuchumaa kando yangu akanisaidia kukuna nazi. "Mimi nimeolewa mara tatu, mwanangu. Wa kwanza alirudi kimya, wa pili alirudi na makelele, wa tatu alikuwa harudi. Sijapata arudiye akiimba. Wewe wataka nini?" Nikamwambia nataka nyumba yangu mwenyewe. Akasema, "Haya. Hata mimi niliitaka, na sasa ninayo." Akaendelea kukuna nazi, na sikuelewa kwamba ameshamaliza kuniambia.

Elkana aliniomba nisafiri naye. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Pasaka. Alisema safari hii mzigo ni mwepesi, kuna nafasi mbele, nitaona twiga, tutalala kwa mwalimu mmoja rafiki yake Taveta, na asubuhi nitauona mlima. Alikuwa ameshaweka mto kwenye kiti cha lori ili nisiumie. Nikamwambia nina nguo za kufua. Ukweli ni kwamba nilijua lori litapita mbele ya kanisa na mbele ya zile nyumba za mawe, na nitaonekana nimekaa mbele pale, juu, kama wanawake ambao madereva huwabeba na hakuna anayejua majina yao. Alitoa mto akaurudisha kitandani. Mara ya pili aliniuliza kwa namna ya mzaha, ili nikikataa isiwe nimekataa. Nikakataa. Mara ya tatu nilikuwa mjamzito, na hapo nilikuwa na sababu ambayo hakuna mtu angeweza kuilaumu. Nikaifurahia ile sababu. Naikumbuka furaha yenyewe, ndogo na chungu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimba ilimfanya aimbe zaidi. Alileta asali, alileta ndizi, alileta kipande cha mti wa mpingo akasema atachonga kitanda cha mtoto, na Katana akamwambia mpingo ni mgumu mno, mtoto ataoa kabla kitanda hakijakwisha. Jioni alikaa kwenye kile kiti kibovu, miguu juu ya sanduku la vitabu, akinisomea kwa sauti vitabu vyake vya Kiingereza akifasiri njiani kwa Kiswahili, na nje ya mlango ukumbini Bi Mwanaisha akasogeza kibao chake akasikiliza, akauliza, "Na yule binti alirudi kwao?" Nyumba nzima ilinyamaza isikilize. Hayo ndiyo mambo niliyokuwa nayo mkononi. Nilikuwa nikihesabu nisivyokuwa navyo.

Mvua za vuli mwaka ule zilikuja kwa hasira. Elkana na Katana walikuwa Taveta, na habari zikaja kwamba barabara imekatika, makorongo yote yamejaa, malori yamekaa ng'ambo. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa mchana, nimesimama uani nikikinga maji ya mvua, uchungu ukanishika mgongoni, nikadhani nimebeba ndoo vibaya. Bi Mwanaisha alinitazama usoni mara moja tu, akaninyang'anya ndoo. Mkunga alikuwa jirani, mwanamke mtulivu mwenye mikono mipana, aliyezalisha nusu ya Changamwe. Walinitandikia kanga za Bi Mwanaisha mwenyewe kwa kuwa zangu zilikuwa kwenye kamba, zimelowa. Makuti yalivuja juu ya sanduku la vitabu. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutua, wa kike, mdogo sana, mwenye masikio ya Elkana. Alipumua kwa muda. Mkunga alimweka kifuani pangu, akakaa kando yangu, na alipoacha kupumua alijua kabla yangu.

Akaniambia neno, akanishika mkono ili nilisikie vizuri. "Huyu asingekaa, mama. Mapafu yake hayakuwa tayari. Hata mumeo angekuwa hapa mlangoni, hata angekuwa daktari mkubwa. Usije ukamtafuta mtu wa kumlaumu." Nikamwitikia kwa kichwa. Walimzika kesho yake, Bi Mwanaisha akilia kuliko mimi.

Siku kadhaa zilipita ndipo barabara ikapitika. Nilikuwa nimelala, mchana, dirisha wazi, nikasikia wimbo unatoka kule nyuma ya msikiti. Hakuwa ameambiwa na mtu. Ulikuwa ukikaribia, na nikatamani umchukue mwendo mrefu zaidi, nikatamani Changamwe iwe kubwa. Wimbo ukafika barazani. Nikamsikia Bi Mwanaisha akisema, "Keti kwanza, baba." Wimbo ukaishia palepale, katikati ya neno, na sikupata kuusikia tena, wala huo wala mwingine, mpaka nilipomzika.

Aliingia na tope hadi magotini. Hakuuliza ilikuwaje. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, "Alifanana na nani?" Nikamwambia, "Alikuwa na masikio yako." Akashika sikio lake, bila kujua anafanya hivyo, akalishika kwa muda mrefu.

Nilikuwa na maneno ya mkunga. Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio, nayakumbuka hata leo baada ya maisha mazima. Ningempa jioni ile, au kesho yake, au siku yoyote katika wiki zile alipokuwa akikaa barazani peke yake. Sikumpa. Sikusema uongo, sikuwahi kumwambia kwamba angekuwapo mtoto angeishi. Nilimwacha tu alifikirie hilo mwenyewe, naye alikuwa mtu aliyesomea kufikiri. Na katika kona moja ya moyo wangu, chini ya huzuni, ambayo ilikuwa huzuni ya kweli, nilikwishaona anakokwenda, na sikumzuia.

Jumapili moja baada ya kanisa akasema, akitazama sahani, "Nilimwona Mzungu jana. Ile nafasi haijajazwa."

Nikasema, "Na Katana je?"

"Katana atapata mwenzake."

Nikainuka nikatia pasi makaa.

Watu wataniuliza, basi mlipata hasara gani? Tulihamia nyumba ya mawe. Nilipata mfereji na mapazia. Wanangu walizaliwa huko wakakua, wakasoma kwa mshahara wa baba yao, na Shangazi Persis alikufa akiwa amesamehe. Elkana alisimama langoni, baadaye akaketi ofisini, baadaye akawa na ofisi kubwa kuliko ya yule Mzungu, na yale waliyosema juu yake matangani ni kweli tupu. Alikuwa mtu wa haki. Alikuwa mwema kwangu. Alikula alichopikiwa, akasema ahsante, akafungua gazeti. Watoto walipomwuliza habari za ujana wake aliwaambia habari za chuo. Hakunilaumu hata siku moja, na miaka mingine nilidhani amesahau, miaka mingine nilidhani hakukuwa na cha kusahau, ni mtu tu amekua akatulia kama watu wote. Nilipoona anataka kufa, hospitali, nilimwinamia nikamwambia alichosema mkunga. Sijui kama alisikia. Macho yalikuwa wazi, lakini kwa wakati ule yalikuwa wazi kwa kila kitu.

Ninachokiona zaidi ni ile asubuhi ya Jumatatu, kwa Bi Mwanaisha bado, kabla hatujahama. Elkana alikuwa amesimama mlangoni mwa mbele, amevaa shati jeupe na tai, viatu vimepakwa rangi. Kulikuwa kumekauka, na barabara ilikuwa na harufu ya udongo na moshi wa mahamri. Lori la Katana likaja. Sijui kama Katana alikuwa hajaambiwa au alikuwa ameambiwa akakataa kuamini. Alipunguza mwendo kama siku zote, akasimama mkabala na baraza, injini ikinguruma, akafungua mlango wa upande wa pili, akangoja. Hakupiga honi. Elkana hakwenda, wala hakuondoka. Aligeuka akanitazama mimi. Uso wake haukuwa na ghadhabu wala ombi. Ulikuwa wazi tu, kama uso wa mtu anayesikiliza kama ameitwa. Neno moja lingetosha. Hata jina lake ningelitaja kwa namna fulani, lingetosha. Bi Mwanaisha alikuwa nyuma yangu ukumbini, amesimama na ufagio mkononi, hafagii.

Nikamsogelea nikamwambia, "Kola imekunjika."

Akainamisha kichwa ili nimfikie, nikaitengeneza.

Barabarani nikasikia mlango wa lori ukifungwa.